Miksa ya kidijitali kwa kazi za Mtwara na Lindi: yenye feda au ya kishikwambi?

FundiShangani

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi na wenzangu wawili tunakodisha mitambo ya sauti hapa Mtwara mjini. Kazi zetu nyingi ni harusi, makongamano ya kwaya, maulidi na kaswida upande wa Mikindani, na msimu wa korosho ukishapita na wakulima wakalipwa, tunaitwa Tandahimba, Newala hadi Masasi, ambako sherehe hufuatana kiasi kwamba mitambo haipati nafasi ya kupumzika. Miksa tunayotumia ni ya analogi, ya chaneli 16, na sasa imechoka: feda (vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti) zinakwaruza kila zikisogezwa, chaneli mbili zimekufa kabisa, na hewa ya chumvi ya pwani yetu imekwisha kuyala matundu ya nyuma. Tumekubaliana kwamba badala ya kuendelea kuitengeneza, ni afadhali fedha hiyo iende kwenye miksa ya kidijitali.

Tulichoweka akiba kinatosha miksa ya daraja la kati. Majina tunayoyasikia kwa mafundi wa Dar es Salaam ni Behringer X32 Compact, Behringer XR18 inayoendeshwa kwa kishikwambi, Soundcraft Ui24R, Yamaha TF1 na Allen & Heath SQ-5. Tatizo ni kwamba kila fundi tunayemuuliza anaisifia ile aliyoizoea. Muuzaji mmoja ametusisitizia kwamba SQ-5 haina mpinzani kwa sababu inapima sauti kwa kilohezi 96, yaani mara 96,000 kwa sekunde, na nyingine zinaishia 48, na kwamba tofauti hiyo itasikika hata na bibi aliyekaa kiti cha nyuma.

Ninaomba msaada wenu katika mambo matatu. Kwanza, je, chaneli 16 zinatosha, au tuanze moja kwa moja na zaidi? Pili, miksa isiyo na feda, ya kushika kishikwambi tu, inafaa kwa kazi za hadhara kubwa za huku kwetu? Tatu, umeme wetu mnaujua, na vijijini tunategemea jenereta. Kifaa ambacho ndani yake ni kompyuta kitaishije katika mazingira hayo? Nitashukuru kupata majibu ya watu waliokwisha kuzifanyia kazi.

SautiRasbura

Ndugu FundiShangani, karibu. Nakuandikia kutoka Lindi mjini, na kazi zetu zinafanana.

Kabla hujachagua jina, chukua karatasi uandike kazi yenu kubwa kuliko zote, wala si ile ya kila wiki, kwa sababu miksa hununuliwa kwa ajili ya siku ngumu. Tuseme ni kwaya yenye bendi kamili. Dramu zitataka maiki tano, besi njia moja, magitaa mbili, vinanda viwili njia mbili hata ukivichukua kwa upande mmoja tu, waimbaji wa mbele wanne, maiki nne za kwaya yenyewe, na maiki mbili za washereheshaji. Hapo umefika 20, na hujaunganisha kompyuta ya kupigia muziki wakati wa chakula, ambayo inataka njia mbili. Jumla ni 22. Kwa hesabu hiyo chaneli 16 hazitoshi, na mtu akikwambia kwamba zinatosha, muulize ni maiki zipi uziache nyumbani.

Sasa geuza karatasi uhesabu upande wa kutolea sauti, maana hapa ndipo wanunuzi wengi hawatazami. Spika kuu zinataka njia mbili. Monita za jukwaani (spika za kuwasikilizisha wanamuziki wenyewe) kwa bendi ya namna hiyo hazipungui nne ikiwa unataka mpiga dramu, waimbaji wa mbele, wapiga vyombo na kwaya kila mmoja apate mchanganyiko wake. Ukiongeza spika za besi zenye njia yake na spika za pili kwa ajili ya watu wa nyuma uwanjani, umefika nane. XR18 inakupa njia sita za monita pamoja na mbili za spika kuu, kwa hiyo upande wa kutolea inafika nane. Kinachoiangusha kwa kazi yako ni upande wa kuingizia: ina priampu (vikuza sauti ya maiki) 16 na njia mbili za laini, na huwezi kuiongezea boksi la jukwaani (kisanduku cha matundu ya ziada) ili ipate maiki zaidi. Ui24R ina priampu 20 na njia nane za monita nje ya zile kuu, kwa hiyo kwa karatasi yako inakaribia sana kutosha, ila haikuachii nafasi ya kukua.

X32 Compact, TF1 na SQ-5 zote zina priampu 16 tu mgongoni, na watu wengi huzikataa wakiona namba hiyo, kumbe uwezo wake wa ndani ni mkubwa zaidi. X32 Compact inachakata chaneli 32 za maiki, na SQ-5 inachakata 48. Zile zinazobaki unazipata kwa kuweka boksi jukwaani na kulileta kwenye miksa kwa kebo moja ya mtandao. Kwa X32, boksi la S16 linaongeza matundu 16 ya kuingizia na manane ya kutolea, na hapo kwaya yako ya njia 22 inaingia na kubakiza akiba. Uzuri mwingine ni kwamba unaweza kununua miksa mwaka huu na boksi mwaka ujao, mfuko ukiruhusu.

Kuhusu kilohezi 96, muuzaji amesema jambo la kweli kwa sababu isiyo ya kweli. Kilohezi 48 hubeba sauti hadi karibu kilohezi 24, na sikio la kijana mwenye afya husikia hadi kama kilohezi 20, la mtu mzima chini ya hapo. Bibi wa kiti cha nyuma hatatofautisha. Kinachopungua kwa kweli kwenye SQ ni ucheleweshaji: sauti inaingia na kutoka kwa chini ya milisekunde 0.7. X32 inachukua kama milisekunde 0.8. Sauti hewani husafiri takriban sentimita 35 kwa milisekunde moja, kwa hiyo tofauti ya hizo mbili ni sawa na mwimbaji kusogea sentimita tatu au nne kutoka kwenye monita yake. SQ-5 ni miksa nzuri sana, priampu zake ni safi na skrini yake inaeleweka upesi, lakini usiinunue kwa sababu ya namba ile.

Mtu anaweza kukuambia kwamba X32 imezeeka, kwa kuwa ilitoka mwaka 2012, wakati TF ni ya 2015 na SQ ya 2017. Ni kweli. Lakini umri huo una faida yake huku kwetu: bendi ikija kutoka Dar es Salaam, fundi wake mara nyingi anaijua X32 kama anavyoijua njia ya kwao, na huenda akaja na mpangilio wake kwenye flashi, akauchomeka na kuanza kazi bila kukusumbua. Mimi nalipatia jambo hilo uzito mkubwa kuliko ubora wa priampu.

BintiNdanda

Kaka FundiShangani, shukrani kwa swali hili. Mimi ninasimamia sauti ya kwaya, na nimefanya kazi na miksa za aina zote mbili, zenye feda na zisizo na feda. Naomba nijibu swali lako la pili kwa urefu, kwa sababu ndilo linaloweza kukugharimu harusi ya watu.

Kishikwambi kina raha yake ambayo miksa ya mezani haikupi. Unapanda jukwaani, unasimama ubavuni mwa mwimbaji, unamwambia aimbe, na unarekebisha monita yake ukiwa unasikia kile kile anachokisikia yeye. Unatembea hadi nyuma ya ukumbi, unagundua kwamba maneno hayafiki, unaongeza pale pale. Kwa kazi ya kutayarisha sauti kabla wageni hawajaingia, hakuna kinachokizidi.

Shida huanza wageni wakishaingia. Ruta iliyomo ndani ya XR18 inatumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee, na masafa hayo yana nafasi tatu tu zisizoingiliana. Ukumbi ukijaa watu mia kadhaa, kila mmoja na simu yake, na ukumbi wenyewe una waifai, nafasi hizo tatu zinagombaniwa, na miili ya watu yenyewe inameza mawimbi hayo. Ulipokuwa unajaribu saa tisa mchana kila kitu kilikubali. Saa mbili usiku kishikwambi kinaandika kwamba kimepoteza mawasiliano. Sauti haikatiki, itaendelea jinsi ulivyoiacha, lakini mikono yako imefungwa.

Na kufungwa mikono kuna maana gani? Mfikirie mshereheshaji wetu wa harusi. Hakai mahali pamoja. Ameshika maiki isiyo na waya, anashuka kutoka meza kuu, anawafuata wakina mama wanaoleta zawadi kwa kucheza, na wao wanapita mbele ya spika kwa sababu ndiko nafasi iliko. Maiki ikielekea kwenye spika, mluzi unaanza, na una nusu sekunde ya kuushusha kabla ukumbi mzima haujaziba masikio. Kwa feda, kidole chako tayari kiko juu yake na macho yako yako kwa mshereheshaji. Kwa kishikwambi, inabidi uinamishe kichwa, uhakikishe skrini haijazima, utafute ukurasa wenye chaneli ile, ndipo uguse kioo ambacho hakikupi hisia yoyote ya kujua umeshika nini. Kwa kazi za harusi, mimi nasema feda.

Ikiwa fedha itakulazimisha kuchukua ya kishikwambi, basi fanya haya. Zima ruta ya ndani, nunua ruta ya nje yenye gigahezi 5, iunganishe na miksa kwa waya, uiweke juu ya vichwa vya watu na si chini ya meza. Ficha jina la mtandao wako na uweke nywila ngumu. Kisha weka kompyuta ya mkononi iliyounganishwa kwa waya kwenye ruta hiyo hiyo, iwe wazi muda wote kwenye ukurasa wa washereheshaji. Ui24R ina nafuu kidogo kwa kuwa inaendeshwa kwa kivinjari cha kawaida bila programu ya kupakua, kwa hiyo simu ya mwenzako inaweza kuokoa hali kishikwambi kikizima.

Jambo moja kuhusu hizo zenye feda 17, kwa sababu picha za matangazo hazilionyeshi. Kwenye X32 Compact, feda nane za kushoto ndizo zinazobeba chaneli za kuingizia, nane kwa wakati mmoja, na nyingine zimejificha kwenye kurasa zinazobadilishwa kwa kitufe. Maiki ya mshereheshaji ikiwa chaneli ya 21 na wewe uko ukurasa wa dramu, hali yako haitofautiani sana na ya mwenye kishikwambi. Dawa yake ni vikundi vya udhibiti, yaani feda moja kuendesha chaneli kadhaa kwa pamoja, ambavyo X32 inavyo vinane: kimoja washereheshaji, kimoja waimbaji wa mbele, kimoja kwaya, kimoja dramu, na kadhalika. Viite kwenye feda nane za kulia na usiviondoe hapo hadi kazi iishe. SQ-5 inakuruhusu kupanga feda zake 16 utakavyo, ukachanganya chaneli na vikundi kwenye ukurasa mmoja, na kwa hilo naipenda kuliko zote.

MzeeNachingwea

Wanangu, nimewasoma, na mmesema vizuri. Mimi nitajibu swali la tatu, la umeme, maana huku bara ya Lindi ndilo linalotuondolea vifaa.

Miksa ya analogi umeme ukikatika na kurudi, inarudi nao. Ya kidijitali lazima iwake upya kama kompyuta, na wakati huo padri au shehe amesimama mbele ya watu akiwa hana sauti. Hata kukatika kwa kufumba na kufumbua kunatosha kuizima. Kwa hiyo UPS, ile betri ya akiba inayoshika umeme ukikatika, iingie katika bei ya miksa tangu mwanzo. Habari njema ni kwamba haihitaji kuwa kubwa. X32 hula kama wati 120, boksi la jukwaani na ruta vinaongeza kidogo, na UPS ya VA 1000 iliyo na betri nzima itazibeba kwa muda wa kutosha jenereta kuwashwa. Unganisha hapo miksa, boksi la jukwaani, ruta na vipokezi vya maiki zisizo na waya. Amplifaya na spika zenye amplifaya ndani zisiguse UPS hiyo, zitaimaliza mara moja. Na utaratibu wa kuwasha ubaki ule ule wa wazee: miksa kwanza, amplifaya mwisho, kuzima, amplifaya kwanza.

Kukatika ni shida ndogo. Kinachoua ni umeme uliozidi. Miksa hizi zina saplai inayokubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme hafifu wa kijijini haziujali sana, lakini zikipata volti mia tatu na kitu zinaungua. Jambo hilo hutokea hivi: umeme wa fezi tatu, waya wa nyutro ukalegea mahali, basi fezi zinaanza kugawana mzigo zenyewe kwa zenyewe, upande wenye mzigo mdogo unapanda kutoka volti 230 kuelekea 400. Miksa ndiyo yenye mzigo mdogo. Kabla hujachomeka chochote, pima kwa mita kila soketi utakayotumia, kisha pima tena jenereta ikishabebeshwa taa na friji za soda, kwa maana volti ya jenereta isiyo na mzigo haikuambii kitu. Fundi asiye na mita asiguse miksa ya kidijitali. Kisha kuwe na kifaa cha kulinda kinachokata umeme ukizidi, na nondo ya ethi ichomekwe ardhini karibu na jenereta. Wakati wa kiangazi mwagia maji mahali hapo, udongo mkavu haupitishi umeme vizuri.

Nondo hiyo ina faida nyingine. Kebo ya mtandao ya X32, ile ya mfumo wa AES50, inaathiriwa sana na umemetuli. Mtu akitembea juu ya zulia la jukwaani akagusa boksi, sauti inaweza kukatika kwa kitambo na kurudi. Kwa hiyo kebo iwe Cat5e yenye ngao ya chuma, na plagi zake ziwe za chuma zilizoungana na ngao hiyo pande zote mbili. Kebo za plastiki zinazouzwa kwa ajili ya kompyuta za ofisini zitafanya kazi mezani kwako na kukuaibisha uwanjani. Isizidi mita 80, isipitishwe kwenye swichi ya mtandao, na uwe na mbili, moja ikiwa imekunjwa kwenye sanduku.

Kuhusu chumvi na vumbi. Wewe uko Shangani, baharini kabisa, na unapanda Newala kwenye vumbi jekundu. Feda za miksa hizi zina mota, na vumbi likiingia na kuchanganyika na unyevu wa bahari, mota inaanza kugoma, feda haifiki inakotakiwa. Nunua sanduku gumu lenye mfuniko siku ile ile unayonunua miksa. Ikiisha kazi, funika. Usiiache usiku kwenye gari lililoegeshwa pwani. Ukitoka nayo kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaingia kwenye joto la Mtwara, iache ikae wazi kwa nusu saa kabla ya kuiwasha, ili ukungu ulioshika ndani ukauke.

Mkinunua iliyotumika, msilipe kabla ya kupima tundu moja moja kwa maiki ya kawaida, kisha kwa maiki inayohitaji fantomu (umeme ambao miksa huipelekea maiki) ya volti 48, kisha kila njia ya kutolea, kisha matundu yote mawili ya kebo ya mtandao, na mwisho mziambie feda zote zipande na kushuka kwa pamoja huku mkitazama ni ipi inachelewa. Muuzaji anayekataa kipimo hicho amekwisha kuwajibu.

FundiShangani

Mzee wangu shikamoo, na ninawashukuru nyote. Tumekaa na wenzangu tukaandika karatasi aliyoagiza ndugu SautiRasbura, na kazi yetu kubwa imefika njia 23 za kuingizia na nane za kutolea. Kwa hiyo XR18 tumeiondoa. Tumebaki na X32 Compact pamoja na S16, au SQ-5 na boksi lake, ingawa hii ya pili inaelekea kuuvuka uwezo wetu. TF1 hakuna aliyeizungumzia sana. Je, ina kasoro?

Nina maswali mengine mawili. Wenzangu wanaogopa kwamba mimi pekee ndiye nitakayeielewa, na siku nikiugua kazi italala. Pia tunafanya kazi ya ngoma: vikundi vya sindimba hutangulia, kisha kwaya, kisha kaswida, vyote kwenye jukwaa moja mchana mmoja. Tunasikia kwamba miksa za kidijitali zinakumbuka mipangilio. Je, kumbukumbu hiyo ni ya kutegemewa mbele ya watu?

BintiNdanda

TF1 haina kasoro kubwa, na kwa hofu ya wenzako huenda ndiyo inayofaa kuliko zote. Yamaha waliitengeneza wakimlenga mtu asiye fundi wa siku nyingi: kompresa (ya kubana sauti inayozidi) na ekwalaiza (ya kurekebisha besi na sauti za juu) zake zinaweza kuendeshwa kwa kitufe kimoja cha kuzungusha, na ndani yake mna mipangilio iliyokwisha kuandaliwa kwa maiki za Shure, Sennheiser na Audio-Technica, kwa hiyo mwenzako akichagua maiki aliyoishika anaanza mahali pazuri. Mtu aliyezoea kurekebisha kila kitu kwa mkono wake ataona inambana, na hilo ndilo linalowafanya mafundi wasiitaje.

Kuhusu kujifunza, pakueni leo programu za kuendeshea X32, SQ na TF kwenye kompyuta na vishikwambi; hazilipiwi, na zinafunguka hata kama miksa haipo. Kila mmoja wenu apewe kazi ya kupanga kwaya nzima humo: majina ya chaneli, vikundi, njia za monita. Ile ambayo wote watatu mtaielewa bila kugombana ipewe uzito. Mkishanunua, rekodini mazoezi ya kwaya kwa kebo ya USB, kila maiki kwenye njia yake. X32, SQ na TF zote zinaweza. Kisha rudisheni rekodi hiyo kwenye chaneli zile zile, na wenzako wafanye mazoezi ya kuchanganya usiku kucha bila kumchosha mwimbaji hata mmoja.

SautiRasbura

Naongezea kuhusu kumbukumbu ya mipangilio. Ndiyo, ni ya kutegemewa, kwa sharti moja: uiambie miksa mambo ambayo haina ruhusa ya kuyagusa. Mpangilio ukiitwa, unarudisha kila kitu kama kilivyokuwa ulipouhifadhi, ikiwemo maiki ya mshereheshaji ambayo huenda wakati ule ulikuwa umeizima. Unabonyeza ili kuitayarisha kwaya, na mshereheshaji aliyekuwa katikati ya kumkaribisha mgeni rasmi anabaki akichezesha midomo. Kwenye X32 na SQ kuna ukurasa wa kulinda chaneli. Weka humo maiki za washereheshaji, kompyuta ya muziki, na njia zote za spika kuu, ili mpangilio wowote utakaouita usiziguse.

Kila kikundi kiwe na mpangilio wake, kwa sababu mahitaji yao yanapingana. Kwenye sindimba, ngoma kubwa zina mtetemo mrefu wa chini ambao ndio uhai wake, kwa hiyo usiweke geti (kizuizi kinachofunga maiki sauti ikififia) kali itakayokata mkia wa sauti, na usichuje masafa ya chini kwenye maiki za ngoma. Njuga za miguuni zinataka maiki yake karibu na ardhi. Kwaya inapopanda, chuja kila maiki ya sauti ya mtu kuanzia hezi 100 kushuka chini, la sivyo vishindo vya jukwaa la mbao vitaingia kwenye spika za besi. Kwa kaswida, waimbaji wengi wanashirikiana maiki chache na matari yako mikononi mwao. Kompresa ikibana sana, kila tari likigongwa linazamisha maneno, na maneno ndiyo kaswida yenyewe.

Kwa uwanja mkubwa kama wa Masasi, ukiweka spika za pili mita 30 kutoka jukwaani, zicheleweshe kwa milisekunde 86 kwa joto la huku kwetu, kisha uongeze kama 10 ili sikio liendelee kuamini kwamba sauti inatoka jukwaani. Analogi yenu haikuwa na uwezo huo, na pengine ndiyo sababu watu wa nyuma walikuwa wakisikia maneno mara mbili.

Mwisho, sneki yenu ya zamani ya analogi, ile kebo nene yenye njia nyingi ndani, msiiuze. Chaneli 16 za mgongoni mwa X32 Compact au SQ-5 zinaipokea bila tatizo. Washereheshaji, waimbaji wa mbele na besi wapite humo, na dramu, magitaa, vinanda na kwaya wapite kwenye boksi la jukwaani. Siku kebo ya mtandao itakapokanyagwa na mguu wa meza, harusi itaendelea na wale wanaosubiriwa kusikika zaidi, na ninyi mtakuwa na dakika za kuitoa ile kebo ya pili kwenye sanduku na kuichomeka.